Ukurasa Mmoja, Dakika Mbili

Kwenye ukuta wa chumba cha habari palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi tangu enzi za mashine za kupiga chapa. Iliandikwa kwa herufi kubwa: UKURASA MMOJA, DAKIKA MBILI. Mwandishi mpya akiingia kazini anaonyeshwa choo, anaonyeshwa birika la chai, kisha anaonyeshwa karatasi hiyo. Anaambiwa, andika unavyojua, lakini taarifa ya saa saba mchana ni dakika tano, maana yake kurasa mbili na nusu, na ukizidisha utaongea mwenyewe na Mama Saa.

Wengi walidhani hesabu hiyo imetoka kwa wataalamu. Wataalamu gani! Ilitoka kwenye mdomo wa mwanamke mmoja. Alipoajiriwa, bado msichana, mkuu wa wakati huo alimkalisha chini, akamwekea ukurasa mbele, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani, akamwambia asome. Akasoma. Ukurasa ukaisha dakika mbili juu ya alama. Mkuu akaandika karatasi, akaibandika, akaenda kunywa chai. Tangu siku hiyo redio nzima ikawa inapimwa kwa mdomo wa msichana yule. Msichana akawa mama wa watu, akapachikwa jina la Mama Saa, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Na kweli alikuwa saa. Mwandishi analeta ukurasa mbiombio, "Mama, hii ngapi?" Mama Saa anaushika, anaupitisha machoni, midomo inacheza bila sauti kama anatafuna karanga, halafu anatoa hukumu: "Dakika na nusu. Ukikohoa imezidi." Wanacheka, lakini wanarudi kupunguza. Studioni kulikuwa na saa ya ukutani kubwa kama sinia, ipo mbele ya pua yake, na yeye hakuwa na habari nayo. Alikuwa akisema saa ndiyo imtazame yeye.

Maringo? Alikuwa nayo, tena ya kutosha. Mtu akiwa na kitu kimoja anachokiweza kuliko wenzake wote, mwacheni aringe kidogo, hajamnyang'anya mtu.

Basi kiharusi kikamkuta jikoni kwake, ameshika mwiko. Kikamlaza miezi. Mkono ukarudi, mguu ukarudi ukiburuta kidogo, na ulimi ukarudi mwisho kabisa, tena shingo upande. Maneno yote yalikuwepo, na ukimsikiliza unamwelewa vizuri, lakini yalitoka moja moja, kila moja likishuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Daktari akamwambia anaweza kufanya kazi asijichoshe. Siku ile ile akapiga pasi gauni lake la kazini.

Jumatatu akarudi. Wenzake wakamkumbatia, fundi mitambo akamletea chai mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa kiumbe yeyote. Wakampa zamu yake ya saa saba. Akazichukua kurasa mbili na nusu, akazipitisha machoni, midomo ikacheza. "Dakika tano," akasema. "Ziko sawa."

Sasa hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo wewe na mimi tusingelifanya, kwa sababu hatukuwahi kuwa saa. Mama Saa alipima kama alivyozoea, kimyakimya. Na kimyakimya hakuwa mgonjwa. Kichwani mwake sauti ilikuwa ile ile ya siku zote, inateleza, haijikwai popote. Aliyeugua ni ulimi, na ulimi hakuuliza.

Akaingia studioni, taa nyekundu ikawaka, akasoma. Alisoma vizuri, nasema ukweli. Hakuna neno lililomtoka vibaya. Lakini alipogeuza kwenda ukurasa wa pili alimwona fundi nyuma ya kioo akizungusha kidole hewani kumhimiza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akainua macho kuitazama ile saa. Siku hizi si fundi anayekata taarifa, ni kompyuta. Dakika ya tano ikifika inaingiza matangazo ya biashara, haina mama wala shangazi. Na mwisho kabisa wa taarifa yeye mwenyewe alikuwa ameweka tangazo la maji, kwa sababu siku zote la mwisho ndilo linalobaki masikioni mwa watu. Bomba la mtaa wa chini lilikuwa limepasuka na kuchanganyika na maji machafu.

Akaruka habari ya mpira nzima. Akalikimbilia tangazo. Ulimi kuharakishwa ukajifunga fundo. "Wakazi wa mtaa wa chini wanaombwa wasi..." Na papo hapo akaingia bibi wa sabuni akiimba kwamba nguo zake zinang'aa.

Simu ya mapokezi ikalia mpaka ikapata moto. Wasi nini? Mmoja kauliza kama ni wasitoke nje. Mwingine kasema kwao wameelewa ni wasilipe kodi, na wanaishukuru serikali. Watu wa mtaa wa chini ni wacheshi, lakini walicheka huku wanakunywa maji, na kabla tangazo halijarudiwa saa nane, wapo walioshika matumbo. Hakufa mtu. Ila Mama Saa alipopata habari hizo aliingia chooni, akafungua bomba lipige kelele, akalia.

Mkuu wa vipindi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, na watu wa namna hiyo ndio wagumu kugombana nao. Alimwita ofisini, akafunga mlango taratibu.

"Mama, pole sana," akasema. "Hili si kosa lako. Ni ugonjwa."

"Ni kosa langu," Mama Saa akasema. "Nilipima vibaya."

"Ndiyo maana nimefikiria. Chumba cha kanda kinahitaji mtu mzima, mtulivu. Utakaa, utapanga kanda za zamani, hakuna presha. Na zamu ya saa saba tumpe Chiriku."

Chiriku alikuwa msomaji mwenzao, kijana wa sauti nzuri aliyepewa jina hilo kwa sababu hajui kunyamaza, hata akila. Mama Saa hakuwa na neno naye. Lakini chumba cha kanda alikijua. Kipo mwisho wa ukumbi, hakina dirisha, na kila aliyewahi kupelekwa kutulia humo alitulia moja kwa moja.

"Sitaki," akasema.

Mkuu akakuna shingo. "Mama, usinitie majaribuni. Hebu tufanye hivi. Ijumaa asubuhi usome ukurasa mmoja mbele yangu. Ukiisha dakika mbili, kama karatasi yetu inavyosema, kiti ni chako. Ukizidi, tusilaumiane."

Mama Saa akatoka bila kuaga. Kwa mtu aliyefundishwa adabu kama yeye, hilo lilikuwa sawa na kupindua meza.

Nyumbani aliishi na binti yake, fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa nusu sebule nusu karakana, vitambaa hadi juu ya redio. Kila jioni wiki ile Mama Saa alisimama katikati ya vitambaa akisoma gazeti kwa sauti, binti ameshika simu anampimia muda. Siku ya kwanza ukurasa ulikula dakika mbili na nusu. Akakaza mwendo. Siku ya pili ukala zaidi, maana kila alipokimbia ulimi ulikwama, na kila ulipokwama ilibidi arudi nyuma kulisafisha neno. Siku ya tatu alilitupa gazeti sakafuni.

"Nasikia kichwani linakwenda," akasema. "Linakwenda vizuri kabisa! Likifika mdomoni linakaa chini."

"Mama, pumzika," binti akamwambia. "Umewasomea watu miaka yote hiyo. Wakuachie basi. Hicho chumba cha kanda kina ubaya gani? Mshahara ule ule."

"Wewe nikikwambia uache cherehani ukakunje vitambaa dukani kwa mtu, mshahara ule ule, utakwenda?"

Binti akaendelea na kazi yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni la mteja lililovalishwa kwenye sanamu la mbao, anafumua mshono wa ubavuni.

"Na hilo nalo unalifumua la nini?" Mama Saa akauliza kwa hasira zile zile. "Juzi tu umelimaliza."

"Mwenyewe kanenepa. Kaja kulijaribu jana, zipu haipandi."

"Sasa?"

"Sasa nini, Mama? Nimempima upya. Nitamwambia akonde ili anifurahishe mimi?"

Mama Saa akamtazama mwanawe, akatazama futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake, akakaa kwenye kochi juu ya kitambaa cha watu. Macho yake yakabaki kwenye ile futi mpaka binti akaogopa kwamba ugonjwa umerudi, akamwita. Akaitika. Akaomba chai, akainywa, akaenda kulala. Gazeti likabaki sakafuni na hakuna aliyeliokota.

Ijumaa asubuhi mkuu wa vipindi aliweka simu yake mezani na kumpa ukurasa mmoja. Fundi mitambo alikuwepo, na Chiriku pia, amesimama mlangoni anatazama viatu vyake. Mama Saa akavaa miwani, akasoma. Hakukimbia. Alilitoa kila neno, akalitua, akalifuata lingine. Dakika ya pili ikapita, bado ana aya mbili. Akazisoma. Hakuruka hata mkato.

"Dakika mbili na nusu, Mama," mkuu akasema polepole.

"Ndiyo. Hata nyumbani ni hizo hizo."

"Kwa hiyo umezidi."

"Nimezidi nini? Ile karatasi ya ukutani ni mdomo wangu. Alinipima mkuu wa kwanza, mimi mwenyewe, kwenye kiti hiki hiki. Mdomo umebadilika. Kwa hiyo nipime upya, ubadilishe karatasi. Unanipa kipimo changu cha usichana halafu unaniuliza kwa nini hakinitoshi?"

Fundi mitambo alikohoa, na hakikuwa kikohozi.

"Mama, wasikilizaji wa siku hizi wana haraka," mkuu akasema.

"Jumatatu nilikwenda haraka. Waliumwa matumbo."

Mkuu akanyanyuka. Alikuwa amekwisha kukasirika, lakini bado kwa upole. "Tulikubaliana. Kuanzia Jumatatu saa saba ni ya Chiriku. Leo ratiba imeshatoka, ina jina lako, soma kwa heri. Mambo mengine tutayazungumza."

"Leo ni yangu," Mama Saa akasema. "Asante."

Akaenda moja kwa moja chumba cha habari, mguu ukiburuta, akasimama mbele ya ile karatasi na kuivuta. Gundi ya zamani bwana, haikutaka mchezo. Ikachanika katikati. Maneno ya chini yakabaki mkononi mwake, juu pakabaki UKURASA MMOJA, peke yake, bila kusema ukurasa mmoja ni nini. Waandishi waliacha kuandika. Akaikunjakunja DAKIKA MBILI, akaitia kwenye kapu la taka.

"Nipeni taarifa ya saa saba," akasema.

Wakampa kurasa mbili na nusu. Safari hii hakuzipitisha machoni. Alitoka nazo ukumbini, pale watu wanapopita kwenda chooni na kwenye chai, akaazima simu ya msichana wa mapokezi ili ajipimie muda, akaanza kusoma kwa sauti.

Ukiwa hujawahi kuwa na ulimi unaokusaliti huwezi kujua lile lilikuwa jambo gani. Tangu arudi kazini alikuwa akiongea kidogo kidogo, kwa sentensi fupi, ili mtu asimsikie anavyoburuta. Hewani walimsikia, sawa, lakini hewani huoni nyuso. Hapa alisimama katikati ya ukumbi, wenzake wanamtazama mdomoni, na akasoma kurasa zote kwa sauti kubwa, pamoja na pale ambapo ulimi ulikwama na mate yakamtoka kidogo pembeni. Akayafuta kwa kitambaa, akaendelea. Mmoja wa waandishi akaangusha macho. Mama Saa akanyamaza.

"Nitazame," akamwambia. "Utaniona hivi kila siku, bora uzoee leo."

Mwandishi akamtazama.

Alipomaliza aliitazama simu, akachukua kalamu. Akaanza na mgeni mheshimiwa aliyepokelewa na mwenyeji wake akiwa ameambatana na ujumbe mzito. Ujumbe ukabaki nje. Shukrani za mwenyekiti kwa kamati, na za kamati kwa mwenyekiti, zikaenda na maji. Mwandishi wa habari hiyo akalalamika kwamba amekatiwa jasho lake.

"Mheshimiwa alifanya nini?" Mama Saa akamuuliza.

"Alifungua daraja."

"Daraja lipo. Nenda kakae."

Akasoma tena kwa sauti, akakata tena. Habari mbili alizitoa kabisa, na moja ilikuwa nzuri, akaumia kuitoa, lakini akaitoa. Akasoma mara ya tatu. Zilipobaki chini ya kurasa mbili alitikisa kichwa kukubali, akarudisha simu, akaingia studioni.

Saa saba juu ya alama taa nyekundu ikawaka. Safari hii alikuwa akiitazama ile saa, hana aibu nayo, anainua macho na kushusha kama mtu anayetazama sufuria iliyo jikoni. Alisoma habari ya daraja, akasoma ya hospitali, akasoma ya mpira ambayo Jumatatu aliiruka. Kila neno lilitua. Nyuma ya kioo mkuu wa vipindi alikuwa ameingia na kusimama karibu na fundi, mikono kifuani.

Kisha akafika kwenye tangazo.

"Wakazi wa mtaa wa chini," akasema. "Jumatatu niliwaomba wasi, nikakatwa. Nilitaka kusema wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Kuna walioumwa kwa sababu hiyo, na ninawaomba radhi. Bomba limezibwa. Leo asubuhi maji yamepimwa na ni salama."

Fundi akaangalia saa. Ilikuwa imebaki nafasi, na karatasi ilikuwa imekwisha. Mkuu akaona hivyo pia, akasogea kwenye kioo.

"Aliyewasomea taarifa hii aliugua," Mama Saa akaendelea, macho kwenye saa, mikono mitupu. "Ulimi wake sasa unakwenda polepole, na hataukimbiza tena kwa ajili ya mtu. Habari zake zitakuwa chache kuliko zamani. Lakini hakuna itakayokatwa katikati. Na mchana mwema."

Akafunga mdomo. Akavuta pumzi moja, mji mzima ukaisikia. Ndipo bibi wa sabuni akaingia na nguo zake.

Mkuu alimkuta anakusanya miwani.

"Mama, maneno ya mwisho hayakuwa kwenye karatasi."

"Yalikuwa mdomoni. Niliyapima tangu kule ukumbini."

"Unajua naweza kukuandikia barua ya onyo?"

"Andika. Ila iwe fupi, nitaisoma kwa sauti."

Kule mapokezi simu ilikuwa imeanza kulia, na msichana alisikika akisema, ndiyo ni yeye, ndiyo amerudi, hapana hatakwenda popote, jambo ambalo hakuna aliyemruhusu kulisema. Mkuu alisimama akiisikiliza simu ile kwa muda. Kisha akaitazama ratiba iliyokuwa imebandikwa mlangoni, mahali pa Jumatatu, ambapo alikuwa ameshaandika kwa penseli jina la Chiriku.

"Kurasa mbili," akasema. "Zisizidi."

"Hazitafika," Mama Saa akamjibu.

Mkuu akalifuta jina kwa kidole gumba, likaacha doa jeusi, akaondoka zake bila kuandika lingine. Mama Saa akachukua penseli iliyokuwa juu ya mashine, akaliandika la kwake mwenyewe, lile alilopewa na baba yake, akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Alipotoka ukumbini Chiriku alikuwa akimsubiri na ukurasa wake wa taarifa ya jioni. Aliushika kwa mikono miwili, kwa heshima, kama walivyokuwa wakifanya wote siku zote.

"Mama, hii ngapi?"

Mama Saa hakuupokea.

"Kwa mdomo wa nani?" akauliza.

Chiriku akafikiri. "Wangu."

"Basi usome, tusikie."

"Hapa?" Chiriku akatazama huku na huku. Waandishi walikuwa mlangoni, na msichana wa mapokezi ameinuka kitini. "Mbele ya watu wote hawa?"

"Mimi nimesoma mbele yao, na wangu mbovu."

Chiriku akainua ukurasa, akaanza.